Maswali ya Wasomaji: Shokapu Zinazokatika na Breki Zinazozama

Safu ya mwezi huu ni ya magari ya mzigo. Barua tulizochagua zinahusu shokapu na breki, na kama mtakavyoona, mara nyingine tatizo la moja limeanzia kwenye nyingine.

SWALI: Nina Hilux ya kubebea mahindi na mpunga kutoka vijijini kuja mjini. Mwaka jana niliongeza jani moja la springi kila upande wa nyuma kwa sababu gari lilikuwa linakaa chini sana. Tangu hapo nimebadilisha shokapu za nyuma mara mbili. Hizi za mwisho zimedumu miezi minne, moja imekatika sikio la juu. Fundi anasema nichukue shokapu ngumu zaidi ili zisaidie kubeba. Halafu breki za nyuma hazishiki kama zamani, hasa nikiwa nimepakia. — Msomaji, Mpanda

JIBU: Kaka, kabla hujatoa hela ya shokapu nyingine, tenganisha kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Mzigo unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya tairi kupita shimo. Ukifunga shokapu ngumu ili zibebe, gari litagongagonga likiwa tupu, na likipakiwa litalala vilevile.

Sikio lililokatika linatueleza kilichotokea. Shokapu ikivutwa kupita urefu wake, sikio hukatika kwenye mchomeleo au sili ya juu huachia na mafuta yakamwagika. Ikibanwa kupita ufupi wake, fimbo hupinda au kitako cha mkebe hubonyea. Yako imevutwa. Jani uliloongeza limenyanyua bodi, kwa hiyo shokapu ya urefu wa kawaida inakaa karibu imenyooka yote hata gari likiwa limesimama. Tairi likidondokea shimoni, shokapu ndiyo inayoning'iniza ekseli nzima pamoja na magurudumu yake, kazi ambayo haikutengenezewa.

Dawa ni kupima. Chukua futi kamba upime kutoka katikati ya bolti ya juu ya shokapu hadi katikati ya bolti ya chini, katika hali tatu. Kwanza, gari likiwa limesimama sehemu tambarare, tupu, kisha ukiwa umepakia mzigo wako wa kila siku. Pili, ng'oa shokapu, nyanyua chasisi kwa jeki na uiweke kwenye stendi imara, acha ekseli ining'inie hadi mwisho wa springi, upime. Wakati huo angalia mpira wa breki unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli: ukiwa umekaza kama kamba ya nguo, nao unahitaji kubadilishwa kwa mrefu zaidi. Tatu, ekseli ikiwa imepanda hadi kugusa raba ya kizuizi iliyo chini ya chasisi, upime tena.

Tuseme umepata milimita 560 ekseli ikining'inia, na 360 ikiwa imegusa raba. Raba yenyewe hubonyea kidogo, kwa hiyo acha nafasi ya milimita 15 kila upande: tafuta shokapu ambayo ikifungwa yote haizidi 345 na ikinyooka yote haipungui 575. Gari tupu likiwa limesimama, fimbo iwe karibu na katikati ya safari yake. Ukipakia itashuka chini ya katikati, na hilo ni sawa. Wauzaji wengi wa spea hawatakupa vipimo hivi wakikuuliza tu "Hilux ya mwaka gani?", kwa sababu kitabu chao kinaijua Hilux ya kiwandani, hakiijui yenye jani la ziada. Nenda na karatasi yako ya vipimo, omba shokapu itolewe kwenye boksi, ipime dukani. Usisahau aina ya vifungio, sikio au fimbo yenye nati, wala kipenyo cha bolti na upana wa bushi.

Kuhusu mafuta au gesi: kwenye barabara ya vumbi yenye rasta (mawimbi madogo ya mfululizo), shokapu hupanda na kushuka mara nyingi kwa dakika, mafuta hupata moto na kuchanganyika na hewa hadi yakawa povu. Povu halizuii kitu, na ndiyo maana gari hutulia asubuhi kisha likaanza kurukaruka baada ya mwendo wa saa moja. Gesi ya nitrojeni iliyomo ndani huyakandamiza mafuta yasitoe povu. Kwa njia zenu tungechukua ya gesi yenye pistoni nene, milimita 35 au karibu na hapo, kuliko nyembamba yenye maneno makali kwenye boksi.

Wakati wa kufunga, badilisha zote mbili za ekseli moja. Ile ya mafuta matupu isimamishe wima, ibane na kuinyoosha yote mara tano au sita ili hewa itoke kwenye silinda ya ndani. Bolti za masikio zishike kwa mkono kwanza, kisha shusha gari likae kwa magurudumu yake ndipo ukaze kwa nguvu ya mwisho. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba ya bushi inabaki imesokotwa muda wote na itachanika mapema.

Sasa breki. Hilux nyingi za zamani zina vali ya kupima mzigo, imefungwa kwenye chasisi juu ya ekseli ya nyuma, ina mkono au springi ndefu inayoshuka hadi kwenye ekseli. Gari likilala kwa mzigo, mkono unasukumwa na vali inaruhusu presha zaidi kwenda breki za nyuma. Likiwa tupu, vali inapunguza presha ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuzungusha gari. Uliponyanyua nyuma kwa jani, vali ikaona gari liko tupu. Ukipakia, kimo unachofikia sasa kwake ni kama mzigo mdogo tu, na breki za nyuma zinapewa kidogo.

Kwa hiyo mkono huo lazima urekebishwe. Kifungio chake cha chini huwa na nafasi ya kusogezwa. Isipotosha, fundi hutengeneza kibati cha kukinyanyua kifungio hicho kwa kiasi kilekile gari lilichopanda. Kipimo sahihi kiko kwenye kitabu cha gari na huthibitishwa kwa geji za presha. Baada ya hapo jaribu sehemu ya wazi isiyo na watu, barabara ya vumbi, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, gari likiwa tupu: magurudumu ya mbele yatangulie kufunga. Tafadhali usikubali fundi aufunge mkono huo kwa waya ili vali ibaki wazi. Siku ya mvua, gari tupu, nyuma itakupita.

SWALI: Shokapu za mbele za Fuso yangu zina unyevu wa mafuta. Nimeambiwa zimekufa. Ni kweli? — Mama mwenye gari, Dodoma

JIBU: Si lazima, dada. Fimbo hupanda na utando mwembamba wa mafuta kila inapotoka, na vumbi huushika. Unyevu mkavumkavu sehemu ya juu ya mkebe ni wa kawaida. Mafuta yanayochuruzika hadi chini na kudondoka, hapo imekwisha. Kwa gari zito kama lako kubonyeza bodi kwa mikono hakutakuonyesha lolote. Mwambie dereva aendeshe dakika 15 hadi 20 kwenye barabara mbovu, asimame, kisha asogeze mkono karibu na mkebe wa kila shokapu, aguse kwa tahadhari. Inayofanya kazi huwa ya moto kwa sababu inageuza mtikisiko kuwa joto. Iliyo baridi wakati mwenzake wa ekseli ileile ni moto ndiyo iliyokufa. Mwangalie na matairi pia: yakiwa na mabonde mabonde kuzunguka mzingo wake, yamekuwa yakiruka muda mrefu.

SWALI: Naendesha Canter, tunabeba viazi kutoka Njombe. Pedeli ya breki inazama mara ya kwanza, nikipampu mara mbili inapanda. Nimeshabadilisha masta silinda, tatizo limerudi baada ya wiki. Nikishuka mlima mrefu inazidi. — Dereva, Njombe

JIBU: Masta silinda hulaumiwa kwanza kwa sababu iko karibu na mguu. Ungeisikiliza pedeli kabla ya kununua kitu.

Zima injini. Kanyaga mara moja, achia, kanyaga tena haraka. Ikiwa mara ya pili imesimama juu na ngumu kama jiwe, breki shuu ziko mbali na dramu: mkanyago wa kwanza wote unaishia kuzisogeza. Ikiwa imepanda lakini inadunda kama mpira, kuna upepo ndani. Ikiwa umeikandamiza na kuishikilia, nayo inashuka polepole hadi chini, basi ama kuna mahali panavuja ama raba za masta silinda zinapitisha. Kwa maelezo yako, tatizo lako ni la kwanza au la pili.

Anza na kurekebisha breki shuu. Weka vigingi, nyanyua gurudumu moja, toa kiraba cha tundu lililo nyuma ya sahani ya breki, ingiza bisibisi bapa uzungushe gurudumu dogo lenye meno hadi tairi lisizunguke kwa mkono. Kanyaga breki mara moja shuu zikae katikati, kaza tena, kisha rudisha meno machache hadi tairi lizunguke huru kwa mkwaruzo mdogo tu. Fanya hivyo kwa kila gurudumu. Mara nyingi pedeli hupanda hapohapo.

Ukiwa umefungua dramu, funua raba ya vumbi ya kila silinda ya gurudumu. Ikiwa na maji maji, inavuja, hata kama mafuta bado hayajafika chini. Ukikuta lainingi (utando wa breki shuu unaosugua dramu) zimelowa na hujui ni mafuta gani, paka kidogo kwenye kidole na uweke kwenye maji: mafuta ya breki huyeyuka majini, oili ya difu (ya gia za ekseli) huelea na ina harufu kali ya kiberiti. Oili ya difu maana yake sili ya habu imeachia. Lainingi iliyokunywa oili ibadilishwe pande zote mbili za ekseli. Kuiosha kwa petroli au kuichoma kunaondoa ya juu tu, ikipata moto oili iliyomo ndani inarudi. Na vumbi la humo usilipulize kwa kompresa, huenda lina asbesto. Lilowanishe kwa maji ulifute.

Kisha toa upepo. Andaa lita moja ya mafuta ya breki yaliyofungwa, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chupa yenye mafuta kidogo ili ncha ya mpira izame. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, malizia la karibu. Msaidizi akanyage taratibu mara tatu, ashikilie. Wewe fungua nipeli (kiskrubu cha kutolea upepo) robo hadi nusu mzunguko, mafuta yatoke, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi wote. Rudia hadi mapovu yaishe na mafuta yatoke safi, ukiangalia kikopo cha juu kisikauke. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike sakafuni. Masta silinda iliyotumika muda mrefu ina kutu sehemu ambayo pistoni haifiki kila siku, na kuipeleka huko hukata raba. Huenda silinda yako mpya haina shida hii, ila mbao haina gharama.

Hilo la kuzidi mlimani lina maelezo yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mlima mrefu na viazi vya tani kadhaa hufikisha joto hilo kwenye silinda za magurudumu. Mafuta yanachemka, mvuke unabonyea kama upepo, pedeli inazama, na ikipoa inarudi kana kwamba hakuna kitu. Badilisha mafuta yote kila miaka miwili, usitumie kopo lililokaa wazi, na kamwe usiongeze haidroliki au oili ya injini: raba zote za mfumo zitavimba na utalazimika kuzibadilisha zote.

Ikitokea siku nyingine pedeli ni ngumu sana badala ya kuzama, kagua busta, kifaa cha vakyumu kinachousaidia mguu wako. Injini ikiwa imezimwa pampu hadi pedeli iwe ngumu, ishikilie, washa injini. Inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, angalia mpira wa vakyumu na pampu yake, ambayo kwenye Canter nyingi za dizeli imefungwa nyuma ya altaneta.

SWALI: Trela langu lina slaki (mikono ya kurekebisha breki) za otomatiki. Kabla ya kushuka mlima Kitonga huwa tunazikaza kwa spana ili breki zishike vizuri. Bado nikifika chini breki zimelegea na habu zinatoa moshi. — Dereva wa semi, njia ya Tunduma

JIBU: Ndugu yetu, jambo hili limeua watu, kwa hiyo tutalieleza kwa kirefu.

Gari la tani 50 likishuka kimo cha mita 100 tu, linatoa nguvu ya kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji ya kawaida. Sehemu yake huchukuliwa na injini na upepo. Kinachobaki kinaingia kwenye dramu. Dramu ikipata moto hupanuka, ikiikimbia lainingi, na fimbo ya chemba (mkebe wa upepo unaosukuma breki) inabidi itoke zaidi kuifuata. Chemba ya kawaida ya namba 30 ina safari ya milimita 64 tu. Fimbo ikifika hapo, hata ukanyage kwa miguu miwili hakuna nguvu inayoongezeka. Hapo ndipo dereva husema breki zimekata, ingawa hakuna kilichokatika.

Ndiyo maana tunapima safari ya fimbo breki zikiwa baridi. Simama tambarare, weka vigingi vya kutosha, jaza upepo kisha zima injini, presha ikiwa baa 6.2 hadi 6.9. Achia hendibreki. Chora alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Mwenzio akanyage breki yote ashikilie, pima alama imesogea kiasi gani. Kwa chemba ya namba 30 ya kawaida isizidi milimita 51, kwa namba 24 isizidi 45. Zipo chemba za safari ndefu na kikomo chake ni kikubwa zaidi, kwa hiyo soma namba iliyopigwa kwenye mkebe. Ukipima ukakuta gurudumu moja ni 38 na jirani yake ni 55, umeshampata mgonjwa.

Sasa, slaki ya otomatiki hujikaza yenyewe. Ikipita kikomo, kuna sababu: pini ya uma imelika, bushi za kamu zimekwisha, mkono wake wa kudhibiti umelegea au umefungwa vibaya, au slaki yenyewe imekufa. Kanyaga breki yote mara sita presha ikiwa kamili, pima tena. Isiporudi ndani ya kikomo, tafuta sababu na uiondoe. Kuikaza kwa spana juu ya mlima kunaficha ugonjwa kwa saa chache, na kuirudisha kwa nguvu bila kufuata utaratibu wa mtengenezaji kunaharibu meno ya ndani. Ukizikaza kupita kiasi, lainingi hukwaruza dramu njia nzima, na moshi unaouona huenda unaanzia hapo.

Kagua pia kama trela linafunga breki pamoja na kichwa. Mpira mwekundu unapeleka upepo wa kujaza mitungi, wa njano unapeleka amri ya mguu wako. Raba ya kiungo cha njano ikichakaa au koki ikiwa nusu wazi, trela linachelewa na kichwa kinabeba kazi yote. Zima injini, mtu mmoja akanyage na kushikilia, mwingine atembee pembeni akisikiliza. Kwa gari lenye trela, presha isishuke zaidi ya paundi 4 za inchi ya mraba kwa dakika breki zikiwa zimekanyagwa, wala zaidi ya 3 zikiwa zimeachiwa. Fungua koki za mitungi kila siku: yakitoka maji mengi, draya (kikausha upepo) imechoka, ikitoka oili, kompresa inapitisha.

Mlimani, shika gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, na egzosi breki iwe imewashwa. Chagua mwendo salama. Ukifika kwenye mwendo huo, kanyaga kwa nguvu ya kutosha hadi ushuke kilomita 8 hivi chini yake, kwa muda wa sekunde tatu, kisha achia kabisa. Kukalia pedeli kidogo kidogo mlima mzima ndiko kunakopika dramu.

Na tunakuomba: zile chemba ndefu za hendibreki zina springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa mno. Usiifungue bangili yake barabarani. Imeshaua mafundi.

SWALI: D-Max yangu inavuta kushoto nikishika breki, na rimu ya kushoto mbele inawaka moto. Nibadilishe kalipa (kibano cha breki ya diski)? — Msomaji, Voi

JIBU: Subiri kwanza. Linganisha upepo wa matairi ya mbele, kisha nyanyua gurudumu la kushoto, kanyaga breki, achia, lizungushe. Likikataa, fungua nipeli ya kalipa kidogo. Likibaki limekaza, pistoni au pini za kutelezea za kalipa zimeshika. Likiachia huku mafuta yakiruka, kulikuwa na presha iliyonaswa. Rudia, safari hii ukilegeza kiungo cha paipu kabla ya mpira wa breki. Kama hapo haliachii lakini kwenye nipeli linaachia, mpira umevimba ndani na kuziba njia ya kurudi. Nje unaweza kuonekana mzima kabisa, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kalipa. Badilisha wa pande zote mbili. Pini za kutelezea zipakwe grisi ya breki inayohimili joto, si grisi ya beringi, ambayo huvimbisha raba zake.

Kama magurudumu yote mawili ya mbele yanashika, rudi kwenye pedeli: fimbo ya masta silinda lazima iwe na mchezo mdogo. Isipokuwa nao, tundu la kurudishia mafuta halifunguki.

SWALI: Shokapu za mtumba kutoka Japani zinafaa? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Zinaweza, ukizijaribu mezani. Isimamishe wima, ipampu yote mara sita, kisha ibane na kuivuta polepole. Mwendo uwe na uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Ukisikia sehemu tupu isiyozuia kitu pale unapogeuza mwelekeo, mafuta yamepungua au vali imelika. Pitisha ukucha kwenye fimbo: ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, iache dukani, maana itakata sili. Na upime urefu wake kama tulivyomweleza ndugu wa Mpanda.